Wanawake Kumi na Tano, Si Kumi

Kariakoo, Jumamosi, baada ya adhuhuri

Mwanangu Zaina,

Umekwenda kuaga kwa shangazi yako Buguruni, nami nimebaki na sanduku lako limeachama katikati ya chumba. Nakuandikia sasa kwa sababu ukirudi tutaanza habari za sabuni na blanketi, na kesho ukiondoka kwenda chuo cha ualimu, stesheni kutakuwa na msukumano wa watu, na mimi najijua, nitalia tu. Barua hii utaikuta juu ya kanga zako mbili. Isome leo, kabla jua halijazama. Utaona mwenyewe kwa nini.

Sikuandikii namna ya kula wala namna ya kulala, wala habari za wavulana. Hayo nimeyasema tangu uko kidato cha pili, mpaka ukawa unanimalizia maneno mdomoni. Nakuandikia habari ya kinyaa. Tangu jana mchana nina kinyaa ambacho maji hayakioshi. Sehemu yake ndogo ni juu yako. Sehemu kubwa ni juu yangu.

Jana ulinifuata ofisini wakati wa chakula, jasho linakutoka, umeshika kurasa nne. "Mama, nipigie hizi. Chuo wametaka kila mtu aende na insha ya historia ya kwao." Nilifurahi. Nikasema moyoni, mwanangu amekaa kitako akaandika habari za Kariakoo. Nikapachika karatasi na kaboni, nikaanza kupiga. Ukurasa wa kwanza ukaenda. Wa pili nikafika pale unapoeleza makuli wa bandarini walivyoweka mizigo chini, enzi za Mwingereza, na wanawake wa huku wakawapikia wao na watoto wao mpaka mgomo ukaisha. Uliandika hivi: "Wanawake hao walikuwa kumi, na kila mmoja alitoa sufuria yake."

Vidole vikasimama.

Nikakuuliza, "Hii kumi umeitoa wapi?"

"Kwenye kile kijitabu cha kijani, mama. Kipo maktaba."

"Mbona hukuandika kwamba umeitoa humo?"

Ukanitazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Mama, ile ni historia tu. Ni ya wote."

Nikafunua ukurasa wa nne, nikakuta orodha ya vitabu sita, vitatu vya Kiingereza. Nikakuuliza kama umevisoma. Ukacheka. "Hivyo ni mapambo. Kila mtu anaweka. Mwalimu akiviona vingi anafurahi." Nikakuuliza la mwisho: kwa nini hukumwuliza Bi Tausi, ambaye mlango wake unatazamana na wetu, aliyekulea wewe mgongoni nikiwa kazini? Ukajibu neno ambalo nalisikia mpaka sasa. Ulisema, "Bibi? Maneno ya bibi hayana ukurasa, mama."

Nikakuambia utepe wa mashine umekwama, uniachie karatasi. Haukukwama.

Unamjua yule mchuuzi anayepita na kikapu cha samaki asubuhi, tulimnunulia mara moja tukajuta wiki nzima. Samaki wa juzi, kamtoa soko la Feri kwa bei ya kutupa, akifika mtaani anafunua shavu la samaki na kukuonyesha, jekundu kabisa, kumbe kalipaka damu ya samaki mwingine. Ulishika pua ukaapa kwamba hutakula tena kitu cha mtu yule. Sasa mwanangu, vitabu sita ambavyo hukuvifungua, ukavipanga chini ya maneno ambayo si yako ili yaonekane ya leo, vina tofauti gani na lile shavu? Nilivisoma majina yake kimoja kimoja, nikasikia ile harufu.

Lakini sikukukaripia, na hukujua kwa nini. Sikukukaripia kwa sababu kijitabu kile cha kijani nilikipiga chapa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini, wewe una mitatu na kitu. Baba yako ameshapata meli yake na hajarudi, wala hatarudi. Nilikuwa na meza ya kukodi barazani kwenye duka moja la vifaa vya shule, na mashine kuukuu ambayo herufi yake ya "m" ilikuwa imevunjika mguu mmoja. Nilikuwa napiga barua za watu, maombi ya kazi, na karatasi za wanafunzi. Akaja msomi mmoja kijana, shati jeupe, mkoba wa ngozi. Mtaa mzima ulimwita Ndugu Mtafiti, maana kila alipofungua kinywa alianza, "Mimi kama mtafiti." Hata akiomba maji: "Mimi kama mtafiti, naomba maji." Alikuwa anaandika habari za Kariakoo ya zamani. Nikampeleka kwa Bi Tausi.

Unamfahamu Bi Tausi wa sasa, macho yameingia ukungu. Wakati ule alikuwa na madaftari matatu ya jalada la buluu, ameyafunga kwenye kipande cha kanga, ameyaweka chini ya mto. Ndiyo, Zaina. Bibi ana kurasa. Alikuwa ameandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa madrasa akiwa mtoto: nani alijenga nyumba ipi, nani alizikwa lini na nani alimwosha, ngoma gani ilichezwa uwanja gani. Na kila jambo aliandika kalipokea kwa nani. "Haya kanipa Bi Mtumwa, naye alikuwapo." "Haya nimeyasikia kwa Mama Anastasia wa Masasi, yeye kayasikia kwa mumewe, mimi sina hakika nayo." Hata kwa mdomo alikuwa hivyo. Ukimsifia bokoboko lake atakuambia si lake, ni la marehemu Bi Sharifa, yeye kaongeza mdalasini tu. Majirani walikuwa wakimtania: "Bi Tausi hata chafya atakwambia kaipokea kwa nani." Naye anajibu, "Ya leo nimeipokea kwako, nenda kajifukize."

Ndugu Mtafiti hakuweza kuzisoma zile herufi. Mimi nilizisoma kwa Maalim kabla sijaingia shule ya serikali. Basi kazi ikawa hivi: nasoma daftari kwa sauti, yeye anaandika, jioni ananiletea alichoandika nipige chapa. Haki yake nimpe. Mwanzoni aliandika vizuri. Chini ya kila ukurasa aliweka tanbihi, vile vinamba vidogo na mstari wake: Daftari la Bi Tausi, la kwanza, ukurasa fulani.

Hujawahi kupiga tanbihi kwa mashine, kwa hiyo nikueleze. Kabla hujaanza ukurasa unahesabu mistari kutoka chini, unajua tanbihi zitakula mingapi, unaweka alama ya penseli. Kinamba chenyewe unakipandisha nusu mstari, unazungusha kigingi kwa mkono, unapiga, unarudisha. Ukikosea hesabu, tanbihi ya mwisho inadondoka nje ya karatasi, na ukurasa mzima umeharibika. Stensili, zile karatasi za nta za kutolea nakala, hazikuwa zikipatikana ovyo. Karatasi ndiyo usiseme. Ilikuwa unapanga foleni ya sukari asubuhi na foleni ya karatasi mchana, na zote mbili zinaisha mtu wa tatu mbele yako.

Siku moja akasema, "Dada Mwajuma, hizi tanbihi zinakula karatasi."

Nikasema, "Na mgongo wangu zinaula." Mimi huyo. Hakuna aliyenilazimisha.

"Tuzitoe basi. Hizi ni zama za Ujamaa, dada. Ardhi ya umma, viwanda vya umma, na maneno nayo ni ya umma. Tutaweka shukrani moja mwishoni, itawaenea wote."

Nilicheka. Niliona ni neno zuri, tena la kisiasa. Uliposema jana "ni ya wote" nilimsikia yeye, na nilisikia kicheko changu. Ujamaa niliofundishwa mimi ni mtu kuleta jembe lake shambani mwa wote, na watu wakajua jembe hili ni la nani, na jioni kila mtu akatambulika kwa kazi yake. Kumfuta mwenye jembe jina kwenye mpini, hilo lina jina lake jingine. Wakati ule sikuliwaza. Nilikuwa nawaza mgongo.

Tanbihi zote zikatoka. Mwishoni akaniletea mstari wa shukrani, na mimi kwa vidole hivi hivi nilivyokusukia nywele jana jioni nikaupiga: "Tunawashukuru wazee wa Kariakoo, wasiojua kusoma wala kuandika, kwa masimulizi yao." Wasiojua kusoma wala kuandika. Madaftari matatu yako mapajani mwangu, nimetoka kuyafunga kwenye kanga niyarudishe kwa mwenyewe. Nikapiga. Nikaweka nukta.

Bado hujaona kinyaa chenyewe.

Siku niliyosoma habari za wale wanawake ulikuwa na surua. Nimekupakata, unaungua, unalia kwa sauti ya paka. Daftari liko juu ya goti jingine. Sasa nisikilize vizuri hapa. Tano ya madrasa ni kiduara. Sifuri ya madrasa ni nukta. Lakini sifuri ya shule ndiyo kiduara. Bi Tausi alikuwa ameandika moja na kiduara pembeni yake, yaani kumi na tano. Mimi ninayezijua hesabu za kote kuwili, jicho langu la shule likakimbia mbele ya jicho la madrasa. Nikasoma: "Kumi." Naye akaandika kumi.

Niligundua baada ya siku chache. Nilikuwa nayarudisha madaftari, nikafungua ukurasa ule kwa kupitisha wakati tu, nikaona. Wakati huo stensili zimeshakatwa, vijitabu vinakaushwa wino. Ningeweza kumwambia. Alikuwa bado mjini. Nikasema, nani atahesabu?

Mwanangu, hilo neno. Nani atahesabu. Ndilo linalonitapisha.

Ukapita muda, ukaingia darasa la pili. Serikali ikasema kila mtu mzima asome, na jioni madarasa yakafunguliwa shuleni. Mimi nikawa mwalimu wa kujitolea. Waliandikisha mtaa mzima, na wasioijua "a" ya Kizungu wakaandikwa hawajui kitu. Bi Tausi akawekwa kundi la chini kabisa. Akaniambia, "Nilisoma nina miaka saba, leo nina sitini naambiwa kipofu. Haya, nifundishe kuona." Akajifunza kwa miezi minne. Mkono wake ulikuwa umezoea kutoka kulia, alikuwa akigeuza daftari na kucheka mwenyewe.

Siku ya mtihani wa mwisho alikuja mratibu wa kisomo kutoka juu. Kila mmoja aandike ukurasa mmoja kuhusu jambo analolijua. Bi Tausi akaandika kuhusu wale wanawake na sufuria zao. Mratibu akausoma, akaguna, akafungua mkoba akatoa kijitabu cha kijani.

"Bibi, hii umenakili."

"Nimenakili wapi, mwanangu?"

"Humu. Ni yale yale. Na hata kunakili hukunakili vizuri. Kitabu kinasema wanawake kumi, wewe umeandika kumi na tano."

Darasa likacheka. Watu wamechoka, wana njaa, wamepata pa kuchekea. Bi Tausi hakucheka wala hakununa. Akauliza taratibu, kama anayeuliza njia: "Hao watano mliowatoa ni akina nani? Nijue tu. Maana mmoja kati ya kumi na tano ni mama yangu. Yumo, au katoka?"

Mratibu akasema, "Bibi, kilichoandikwa kimeandikwa." Akatia mstari mwekundu kwenye karatasi yake.

Mimi nilikuwa nimesimama ubaoni na chaki mkononi. Hatua tatu kutoka pale. Katika chumba kile wawili tu walijua kumi imetoka wapi: Mungu na mimi. Na yule mratibu wiki ile ile alikuwa ameniahidi kupeleka jina langu kwenye kozi ya makarani. Nikageuka nikafuta ubao. Ubao ulikuwa hauna kitu.

Nilipata kozi. Kozi ndiyo iliyonipa ofisi yangu, kiti changu, na sare zako za shule tangu darasa la tatu. Sasa unajua tumekalia nini.

Bi Tausi hakurudi darasani. Madaftari aliyarudisha chini ya mto, na sikuwahi kumwona akiandika tena. Ndiyo maana wewe umekua huku unadhani bibi ni wa kusimulia tu. Hukujua. Ungejuaje? Aliyekufungia ule mlango ni mama yako, ufunguo akautupa chooni.

Nimepiga chapa kazi za wasomi miaka kumi na minne sasa. Shule yangu ni ndogo, lakini vidole vimesoma. Najua mtu anapoacha kuandika akaanza kuchukua. Anakwenda kwa pumzi yake fupi fupi, halafu ukurasa wa tano ghafla pumzi inakuwa ndefu, maneno yanavaa koti, halafu ukurasa wa saba anarudi yeye tena na ndala zake. Hawajui kwamba mpiga chapa anaona. Yako niliiona mstari wa nne, kabla hata sijafika kwenye kumi. Wewe huandiki "kwa hakika" mwanangu, wewe unaandika "kweli". Insha yako ilikuwa na "kwa hakika" sita.

Namna ya kuweka tanbihi na marejeo utafundishwa huko, jina lianze au mwaka uanze, sijui siku hizi wanapendaje. Mimi najua kitu kimoja kidogo. Mgeni akikuuliza fundi mzuri wa cherehani yuko wapi, ukamwambia "yuko Kariakoo", umemtupa. Unamwambia mtaa, nyumba ya ngapi, mlango upande gani, na amwulize nani. Siyo kwa ajili ya kumpa fundi sifa tu, ingawa sifa ni yake. Ni ili mgeni akishonewa vibaya, ajue pa kurudi. Mimi niliifuta ile njia. Laiti pale chini ya "kumi" pangebaki mstari wangu mmoja, daftari la pili, ukurasa wa kumi na tisa, yule mratibu kwa ubishi wake wote angeweza kuambiwa, haya, twende tukaangalie. Na angekuta kiduara. Lakini hapakuwa na pa kurudi, kwa hiyo kosa langu likawa kitabu na ukweli wa mtu ukawa wizi.

Na sasa mwanangu umelichukua lile lile kosa langu, unalipandisha garimoshi kulipeleka bara, ukalifundishe watoto wa watu.

Hapo ndipo niliposhindwa. Leo asubuhi, kabla sijaenda kazini, wewe bado umelala, nilitoka uani. Bi Tausi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, anatafuta wadudu kwa vidole kwa kuwa macho hayamsaidii.

"Shikamoo Bi Tausi."

"Marahaba. Mbona umesimama kama askari wa mgambo? Kaa."

Nikakaa. Nikamwambia yote kama nilivyokuandikia, surua, kiduara, stensili, ubao. Aliendelea na maharage yake. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo ile kumi si ya yule kijana wa mkoba?"

"Kufuta majina tulifuta pamoja. Kumi ni yangu."

Akatupa dudu moja kwa kuku. "Miaka yote hii namwombea mabaya mtoto wa watu kwa kosa lisilo lake. Sasa Mungu nitamwambia nini?"

"Mwambie ni mimi."

"Nitamwambia," akasema. Na hakusema kwa mzaha.

Nilingoja anisamehe. Utakapokosa na wewe, usingoje kama mimi, inachosha. Hakunisamehe. Alisema tu, "Una kalamu?" Nikasema ninayo. Akaanza kuniambia majina. Bi Mtumwa. Bi Sharifa. Mama Anastasia wa Masasi, aliyepika peke yake bila nazi kwa kuwa kwao hawakuizoea, na makuli wa kusini wakamkimbilia yeye. Bi Hadija wa Kilwa. Aliyataja yote kumi na tano bila kusita, na kila mmoja na sufuria yake: yenye mpini uliokatika, iliyoazimwa msikitini, isiyokuwa na kifuniko. Wa kumi na tano alikuwa Bi Mwanaheri. "Huyo ndiye mama yangu," akasema. "Nilimbebea kuni. Andika na hilo, kwamba nilikuwapo."

Nikamwambia, "Bi Tausi, ile kumi tutaisahau sasa. Nitaandika kumi na tano, yaishe."

Akaacha ungo. "Usiifute."

"Kwa nini?"

"Ukiifuta, atakayekikuta kile kijitabu atasema Tausi ni mwongo, kaongeza watu wake. Iandike hiyo kumi, halafu andika nani aliyeisoma hivyo. Neno jema lina mwenyewe, mwanangu. Na kosa nalo lina mwenyewe."

Halafu akaniambia niondoke nitachelewa kazini. Wala hakuitika nilipoaga.

Insha yako sikuipiga, Zaina, na sitaipiga. Nakupenda kuliko macho yangu, na sitaipiga. Kurasa zako nne nimezirudisha kwenye sanduku kama ulivyonipa, pamoja na ile orodha yako ya mapambo. Ukitaka kwenda nazo hivyo, zimeandikwa kwa mkono safi, chuo watazipokea, na hakuna atakayehesabu. Nimeshakuambia nani alilisema neno hilo kabla yako.

Au, muda bado upo: garimoshi linaondoka kesho jioni. Kutoka mlango wetu mpaka wa Bi Tausi ni hatua sita, nimezihesabu. Madaftari bado yako chini ya mto. Yeye herufi hazisomi tena, lakini wewe unazisoma, nilikupeleka kwa Maalim yule yule makusudi, hata kama ulikuwa unatoroka kwenda kuruka kamba. Atakuwa macho mpaka isha. Nenda na penseli, nenda na adabu, usiseme nimekutuma. Na ukifika kwenye hesabu, angalia kiduara mara mbili.

Chini ya barua hii kuna karatasi moja niliyoipiga leo ofisini. Ina majina kumi na tano na sufuria kumi na tano. Mwisho wake nimeweka tanbihi, nimehesabu mistari kutoka chini kama zamani, nikapandisha kinamba nusu mstari. Ndiyo ya kwanza tangu siku zile. Haikudondoka nje ya karatasi. Inasema hivi, na ukiandika yako ninaomba uinakili kama ilivyo, usipunguze neno kwa kunihurumia:

"Yametoka kwa Bi Tausi binti Mwanaheri, aliyekuwapo, daftari lake la pili, ukurasa wa kumi na tisa. Kijitabu cha kijani kinasema wanawake kumi. Walikuwa kumi na tano. Aliyesoma vibaya ni Mwajuma binti Saidi, mpiga chapa, mama wa mwandishi."